Hirizi ya Treni

Mwezi uliopita nilinunua taruma la reli la zamani, lile la mbao, ili nilipasue nitengeneze meza mpya ya kazi. Kwa nje lilikuwa la kijivu, limekauka kama mfupa. Fundi alipoingiza msumeno kidogo tu, mbao ikawa nyeusi na harufu ikatoka: lami, moshi, na kitu kikali kinachokamata koo, yale mafuta ambayo watu wa reli walizilowekea mbao ili mchwa wasizile. Fundi akageuza uso na kukohoa. Mimi nikasogea karibu. Shati la baba yangu lilinuka hivyo, na mkeka wake wa kuswalia ulinuka hivyo pale alipoweka paji la uso.

Waliokulia kwenye nyumba za reli watanielewa haraka. Sisi tulikaa Kampala, chini ya kilima cha Mbuya, kwenye safu ya nyumba za matofali zilizoelekea njia, kando ya stesheni ndogo ambayo treni nyingi za mizigo hazikusimama. Zilipunguza mwendo, zikapita. Kazi ya baba ilikuwa ndani ya kupita huko. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, mkono wa kulia juu, ameshika pete kubwa ya fimbo iliyokunjwa, kubwa kuliko kichwa changu na mabega pamoja. Chini ya pete ulishonwa mfuko mdogo wa ngozi. Injini ilikuja ikitetemesha sufuria zetu jikoni, dereva ameinama nje ya dirisha, kiwiko amekikunja, na alipofika kwa baba alipitisha mkono ndani ya pete, ikamwingia begani, akaenda nayo. Pete nyingine aliiangusha kwenye kokoto. Baba aliifuata taratibu, akaiokota, akaingia nayo ofisini palipokuwa na sanduku jekundu la chuma.

Sikumwuliza mtu pete ile ni nini, kwa sababu nilijua. Bibi yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita Haboba, alivaa shingoni mfuko wa ngozi wa namna ileile, umeshonwa pande zote kwa uzi mnene, na ndani yake mlikuwa na aya. Mimi mwenyewe nilifungwa mmoja mkononi nilipougua degedege. Babu alikuja nchi hii na jeshi, na inasemekana hakuwahi kulala kambini bila wa kwake. Kwetu, mtu wa thamani hasafiri mtupu. Basi nilipoona ngozi ile kwenye pete, mambo yote yalikaa mahali pake. Treni ilipita peke yake katikati ya mafunjo ya bondeni, ambako watoto tulikatazwa kukanyaga. Kila kipande cha njia baina ya stesheni na stesheni kilikuwa na jini wake. Ndiyo maana dereva aliacha hirizi moja na kuchukua nyingine: ile ya nyuma haikufaa kwa jini wa mbele. Na mtu aliyempa kinga hiyo, akisimama bila kutikisika mbele ya chuma kinachonguruma, alikuwa baba yangu.

Nilitembea kifua mbele. Niliwaambia wenzangu kwamba baba hakuwa kibarua, alikuwa mwalimu wa treni, mtoa hirizi.

Aliyecheka zaidi alikuwa Wasswa. Yeye na pacha wake Nakato walikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na baba yao, ambaye kila mtu alimwita Ssalongo kwa heshima ya kuzaa mapacha, alikuwa dereva wa injini. Hilo Wasswa hakutuacha tulisahau.

"Baba yangu anaendesha," alisema. "Baba yako je? Anasimama tu. Ni msumari. Msumari ya kutundika pete!"

Watoto wote wakaanguka kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo sikuitwa tena Khamisa. Niliitwa Binti Msumari, hata na vitoto vilivyokuwa vinajifunza kuongea.

Sasa niseme kidogo kuhusu reli yetu, maana tulikuwa nayo yetu wenyewe. Ilianzia kwenye sakafu ya kufulia nguo, ikapita nyuma ya bafu za pamoja, ikapinda, ikaishia kwenye mfenesi. Chuma chake kilitoka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya mjini. Mama alikuwa mshonaji, na tulipokwenda kununua vitambaa nilikuwa nikiokota mikanda ya bati ngumu iliyofungia marobota, ile ambayo wachukuzi walikata na kuitupa. Ukiulaza mkanda huo chini haufai kitu, unapinda. Ukiusimamisha kwa ubavu wake ndani ya mkato wa msumeno, katika vipande vya mkaratusi vilivyopangwa kama mataruma, unabeba hata tofali. Magurudumu yalikuwa vibiringo vya uzi vya mama, vile vya mbao. Kibiringo kina ukingo pande zote mbili. Ukikikata katikati unapata magurudumu mawili, kila moja na ukingo mmoja, na ukingo huo unatakiwa kukaa upande wa ndani wa reli. Niliweka nje mara ya kwanza. Treni ilipanda juu ya reli kwenye kona na kulala chali kama kobe.

Leo nina chumba kizima cha reli ndogo, nimesoma vitabu nilivyoviokota kwa wauza vitabu vya zamani, na watu huja kuniuliza waanzie wapi. Nawaambia waanzie kwenye upana wa njia, na wasiupime kwa macho. Reli ya kweli iliyojengwa kutoka pwani hadi kwetu ina upana wa mita moja, na fundi aliyekuwa bondeni Kenya na fundi aliyekuwa hapa walitumia kipimo kilekile. La sivyo behewa lililotoka Mombasa lisingefika. Sisi tulipimia kiganja cha Nakato. Siku Nakato alipokwenda kwa shangazi yake, Wasswa aliunga kipande kwa kiganja chake mwenyewe, na hapo ndipo kila treni ilipokuwa ikizama katikati ya njia. Tulikaa siku mbili tukilaumu magurudumu. Nilipogundua kosa nilikata kijiti cha urefu wa kiganja cha Nakato, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kupima kwa kitu kingine. Kijiti cha namna hiyo ni kifaa cha kwanza ambacho mjenzi wa reli ndogo anapaswa kuwa nacho, kabla hata ya injini.

Tatizo letu kubwa lilikuwa kona. Injini ya Wasswa ilikuwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia lenye matangi mawili, moja mbele na moja nyuma, na mwili umeungwa kwa bawaba za mlango ili ujipinde. Alikuwa ameiga zile injini kubwa za moshi ambazo zilikuwa zinamalizia maisha yao wakati huo, ambazo zilijikunja kwenye milima kama jongoo. Nampa haki yake: ilikuwa kazi nzuri kuliko yangu. Tulisukuma treni kwa fimbo ndefu, tukikimbia kando ya njia. Lakini aliyetoka kwenye sakafu hakumwona aliyetoka kwenye mfenesi, kwa sababu ya bafu, na njia ilikuwa moja. Tulipiga kelele "Nakuja!" na kila mtu alikuwa anakuja.

Asubuhi moja Wasswa alikuja. Nakato naye alikuwa anakuja, ameinama kushika behewa lake lisianguke kwenye kona. Kopo kubwa lilimpata mkononi. Makali ya bati yalimkata kidole hadi tukaona weupe wa ndani.

Mama yao, Nnalongo, alimfunga mtoto kidole kwa kipande cha kanga, akatoka nje akasimama juu ya reli yetu, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Mtoto mwingine akilia hapa, mmoja tu, hii leli yenu ninang'oa yote, ninapatia watu wa chuma kuukuu. Na tleni pia. Mmesikia?"

"Tumesikia, nyabo."

"Wasswa?"

"Nimesikia, maama."

Alipoingia ndani tulikaa kwenye mataruma yetu. Tulijua Nnalongo hakuwa mtu wa kutisha tu. Mpira wetu wa mwisho ulikuwa umeishia jikoni kwake. Miezi ya kuokota mikanda ingekwisha kwa jioni moja.

"Ni jini," nikasema.

"Jini gani?" akauliza Wasswa.

"Wa kwenye kona. Treni zetu hazina hirizi. Za kweli zinazo, ndiyo maana hazigongani."

"Binti Msumari!" Wasswa akapiga paja. "Banange, huyu ameanza tena."

Siku ya pili nilikwenda kwa Mwalimu aliyetusomesha Kurani. Yeye ndiye aliyeshona hirizi za mtaa mzima. Nilimkuta barazani anakata ngozi.

"Hirizi ya nani?" aliniuliza.

"Ya treni, Mwalimu."

"Treni inaswali?"

"Haiswali."

"Inaumwa?"

"Inaanguka."

"Basi mpelekee fundi, mwanangu, usiniletee mimi. Maneno ya Mungu hayafungwi kwenye makopo." Kisha, alipoona nimeinamisha kichwa, alisukuma kipande kilichobaki kuelekea kwangu. "Hii chukua. Hii si dini, hii ni mbuzi tu."

Niliishona mwenyewe kwa sindano ya mama. Sikuwa na aya ya kutia ndani, na mfuko mtupu ulipeperuka ovyo, hauwezi kunaswa na treni inayopita. Ulihitaji uzito. Nikachukua kizibo cha soda, nikakiweka juu ya jiwe, nikakigonga mpaka kikawa bapa kama sarafu, nikakitia ndani na kufunga. Pete niliitengeneza kwa waya wa mwavuli. Kila injini niliifungia ndoano ya waya ubavuni.

Kisha nikatangaza sheria. Hirizi ni moja. Treni isiyo nayo haigusi kona. Ukifika mwisho unaitoa, na anayetaka kurudi anaivaa yeye.

"Moja tu?" akasema Wasswa. "Si ushone mbili, kila mtu na yake?"

Nilifikiri. Nilijua tu kwamba baba hakuwahi kumpa dereva pete mbili zinazofanana.

"Jini ni mmoja," nikasema.

Wasswa alifungua mdomo kunizomea, lakini Nakato akainua kidole chake kilichofungwa kitambaa. "Kidole ni changu," alisema. "Tunafanya ya Khamisa."

Tukafanya. Kwa siku kadhaa hakuna aliyelia. Hatukupiga tena kelele za "Nakuja!" Mtu alisimama kwenye mfenesi, mwingine kwenye sakafu, pete ikinyanyuliwa, ndoano ikiikamata, na treni ikipita nyuma ya bafu kwa utulivu ambao hatukuwahi kuuona. Nnalongo alikuwa akichungulia mlangoni, anatafuta sababu, anarudi ndani. Nilisimama na mkono juu kama baba, na mkono ulipochoka sikuushusha.

Lakini sheria ile ilikuwa na uchungu wake, na uchungu ulimwangukia Wasswa. Alasiri moja alifika kwenye mfenesi na mabehewa yake, Nakato akavaa hirizi na kuja nayo kwenye sakafu. Pale mabehewa yake yakatoka njiani, tukakaa kuyatengeneza. Wasswa alibaki upande wa pili, treni imejaa mizigo ya vijiti, kelele amepiga, hirizi haipo.

"Mnanilaza hapa!" alipiga kelele. "Njia ni tupu! Naona ni tupu!"

"Huoni!" nikajibu. "Kuna bafu!"

"Ninakuja! Hiyo kitu yako ni ngozi ya mbuzi tu!"

Tulikuwa tumeshapandisha mabehewa ya Nakato relini, na hirizi ilikuwa tayari kwenye injini yake. Zamu ilikuwa yake kurudi. Alikuwa ameshaingia nyuma ya bafu, ameinama vilevile kama siku ile, mkono uleule. Nikasikia kopo kubwa la Wasswa linakwaruza reli kutoka upande wa pili, linaongeza mwendo. Nilianza kukimbia na nikajua sitafika.

Likanyamaza.

Nilipozunguka kona nilimkuta Ssalongo. Alikuwa ametoka kazini, sare yake bado ina masizi, begi lake la chakula liko chini. Ameishika injini ya mwanawe juu hewani kwa mkono mmoja, magurudumu ya vibiringo bado yanazunguka. Hatua chache kutoka hapo Nakato alikuwa amepiga magoti, mkono wake juu ya behewa.

"Pete iko wapi?" Ssalongo aliuliza.

Sikuamini masikio yangu. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mchezo wetu.

"Taata, ni hirizi ya Khamisa tu, ni mchezo ya…"

"Gwe. Nimeuliza pete iko wapi."

"Iko kwa Nakato."

"Na wewe unaingia njia na nini?"

Ssalongo aliinamia treni ya Nakato, akaifungua pete kwenye ndoano, akaitazama, akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba. Halafu akanitazama mimi. "Nani amekufundisha hii?"

"Baba," nikasema. Baba hakuwa amenifundisha neno, lakini sikuona jibu lingine.

"Kale, sawa." Akamgeukia mwanawe, akaongea polepole. "Mimi nikifika stesheni, hata waziri akikaa ndani ya behewa, hata mvua ipige, baba ya huyu asiponyoosha mkono, mimi siendi. Ninasimama. Unajua kwa nini? Bila ile pete mimi si dereva. Mimi ni mtu mjinga na chuma kubwa. Mimi ninaendesha treni, lakini njia ananipatia yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, taata."

"Basi rudisha treni yako kwa mfenesi. Ungoje."

Nnalongo alikuwa ametoka na kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Alitutazama sote, akatazama reli. "Hakuna aliyelia," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa, akarudi ndani. Reli yetu ilibaki.

Ssalongo lazima alimsimulia baba, kwa sababu kesho yake baba aliniita ofisini, mahali ambapo watoto hatukuruhusiwa. Aliweka pete kubwa juu ya meza na kufungua kifungo cha ule mfuko. Nilirudi nyuma. Kwetu hirizi haifunguliwi.

"Njoo uone, mama," alisema. Baba aliniita mama kila alipokuwa na jambo la maana.

Ndani mlikuwa na kipande cha shaba, cha mviringo, bapa. Kimechongwa majina mawili: la stesheni yetu na la stesheni inayofuata.

"Aya iko wapi?" nikauliza.

"Hakuna aya."

"Na jini?"

Baba alicheka mpaka akafuta macho. "Jini ni treni inayokuja kutoka upande wa pili." Akaniwekea mkono wangu juu ya lile sanduku jekundu. Sanduku hilo na mwenzake wa stesheni ya pili, alinieleza, yameunganishwa kwa waya. Moja likishatoa kipande cha shaba, yote mawili yanajifunga, na hayafunguki mpaka kipande hicho kirudishwe ndani ya mojawapo. Kwa hiyo kwenye njia moja hakuwezi kuwa na madereva wawili wenye ruhusa. "Hatumwamini mtu kwa maneno," alisema. "Wala mimi mwenyewe."

Nilitegemea kuona aibu, kwa kuwa nilikuwa nimekosea karibu kila kitu. Badala yake nilitoa hirizi yangu, nikakata uzi kwa meno, nikamwangushia kizibo changu bapa kando ya shaba yake. Vilikaa pale mezani, kikubwa na kidogo. Baba aliacha kucheka. Alikigeuza changu upande huu na upande ule, akachukua msumari na nyundo, akakigongea herufi mbili kwa nukta ndogondogo: S kwa sakafu, M kwa mfenesi. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyomkabidhi mkubwa wake wa kazi.

Hakuna aliyeniita tena Binti Msumari. Wasswa alijaribu mara moja, na Nakato akamwuliza pete iko wapi.

Mambo mengine niliyasoma baadaye, nikiwa mtu mzima, peke yangu. Nilisoma kwamba Kampala ilikuwa na reli yake fupi ya kwenda ziwani Port Bell kabla reli kuu haijavuka Nile pale Jinja. Nilisoma pia kwamba nchi nyingi zilijifunza sheria ya baba kwa kuzika watu kwanza. Kila niliposoma hayo nilimwona baba ukingoni mwa jukwaa na nikajua nimeanzia shule nzuri.

Sasa sanduku jekundu halipo, na baba ametangulia. Ile stesheni nimeijenga upya hapa nyumbani kwangu Mbuya, juu ya meza, kila tofali. Ukingoni mwa jukwaa amesimama mtu mrefu kama kucha ya kidole gumba, mkono wa kulia juu. Wageni huvutiwa na injini. Mimi nawaonyesha yeye kwanza. Kizibo chenye S na M kinaning'inia kwenye pete ya waya, kwenye msumari ukutani, na hakuna treni inayotoka kwenye meza yangu kabla mwendeshaji hajakishika.

Wasswa ana duka la vyuma Nakivubo, na nywele zimemwisha. Jumapili moja moja huja na injini yake, ya umeme siku hizi, bado yenye matangi mawili. Wiki iliyopita aliipanga relini, akanyoosha vizuri mabehewa, akaweka kidole kwenye swichi. Halafu akakumbuka. Akaondoa kidole, akakunja kiwiko, akanyoosha mkono wake mnene juu ya meza kuelekea kwangu, akangoja.

Nilimwacha angoje kidogo.